Anza na hadithi fupi, riwaya itafuata

Ndugu yangu wa Mbagala, unauliza utapataje waandishi wapya wakati riwaya tatu ulizonunua umeziachia kwenye kurasa za mwanzo. Acha kununua riwaya kwa kubahatisha. Onja kwanza, kama unavyoonja embe kabla hujanunua fungu.

Hadithi fupi unaimaliza kwenye daladala kati ya Mbagala na Kariakoo, foleni ikiwepo hata mbili. Mimi ningekupa "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Jitu linaingia mgahawani kwa Mzee Mago na kufagia kila kilichopikwa, lakini njaa yake halisi ni ardhi ya mtaa wa Madongoporomoka. Aliyewahi kuona tingatinga likishuka mtaani kwao hatahitaji kuelezwa. Nilipoimaliza nikatafuta Utengano, riwaya yake ya 1980, na sikuiweka chini.

Euphrase Kezilahabi je? Wengi walilazimishwa kumsoma shuleni wakamkimbia. Mrudie kwa hadithi yake fupi "Mayai – Waziri wa Maradhi", kisha riwaya yake Rosa Mistika. Nagona, riwaya yake ngumu, iache kwanza, itakuchosha bure.

Diwani ya hadithi fupi yenye waandishi wengi ndiyo nafuu zaidi. Hadithi isipokunasa, ruka bila aibu. Ikikunasa, andika jina la mwandishi kwenye simu, nenda duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora ukaulizie kazi zake nyingine. Na waulize wenzako swali dogo: hadithi gani moja hujaisahau? Ukiwauliza "mwandishi bora nani" watabishana mpaka jioni.