Barua kwa mwanangu: lile gauni la bluu

Mwanangu kipenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema ofisini kwenu wametangaza kuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mtu aje amevaa kama miaka ya themanini. Umetafuta mtandaoni ukaletewa Wazungu wenye soksi za mazoezi zilizovutwa hadi magotini na kitambaa cha kung'aa kwenye paji la uso, sasa unaniuliza: "Mama, na nyie mlivaa hivi?" Halafu chini kabisa ukaongeza mbona kwenye albamu mimi, shangazi yako na mama mdogo wako wote tuna picha ndani ya gauni moja la bluu.

Nianze na soksi, maana hilo ni fupi. Hatukuvaa. Dar es Salaam ya 1983, mtu akipata sabuni ya kufulia alimwambia jirani yake kwa kunong'ona. Khanga tulizipangia foleni alfajiri, na ukifika mbele unachukua doti iliyopo, hata kama maandishi yake yanamsema vibaya mama mkwe ambaye hujampata bado. Mwaka huohuo ndipo ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, na watu wenye bidhaa ndani walikuwa wakizificha au kuzitupa usiku kwa woga. Msichana akionekana na kiatu kipya, hakuna aliyemuuliza bei. Aliulizwa amekitoa wapi.

Lakini usidhani tulitembea kama wafiwa. Tulipendeza mwanangu, tena sana, na nakuandikia kirefu kwa sababu sitaki uende ofisini ukamvae Mzungu halafu useme huyo ndiye mama yako.

Televisheni Bara hatukuwa nayo, ilikuja 1994, wewe tayari unatembea. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, na waliturushia jambo hilo usoni kila walipovuka. Sisi mitindo tuliipata kwenye majalada ya santuri, kwenye majumba ya sinema kama Empire na Avalon, kwa mabaharia, na kwa wanamuziki. Hao wanamuziki hasa. Vijana walikuwa wanakwenda kuwatazama Orchestra Maquis, Wakongo wale, wanasimama karibu kabisa na jukwaa. Ukidhani wanasikiliza gitaa umekosea, wanahesabu marinda ya suruali. Kesho yake yuko kwa fundi. Ilipotoka ile video ya Thriller ya Michael Jackson mwishoni mwa 1983, haikupita muda mrefu kijana mmoja wa mtaani kwetu Magomeni akashonewa jaketi jekundu kwa kitambaa cha kochi. Kitambaa cha kochi, kwenye joto la Dar, mwezi wa pili! Alilivaa hadi akaota vipele shingoni, na hakulivua.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alitengeneza fasheni ya miaka ile, nitakutajia mafundi cherehani wa barazani kabla ya mtu yeyote wa Paris. Wa kwetu alikuwa na ukurasa mmoja wa katalogi ya Ulaya, umelowa mafuta ya cherehani hadi sura za wanawake hazionekani, zimebaki nguo tu. Unamwonyesha kwa kidole, yeye anachora chini kwa kijiti, mnabishana urefu, basi. Zipu huna? Unafumua ya gauni la zamani. Vifungo huna? Anavika kitambaa juu ya vifungo vya shati la marehemu babu. Na yale mabega, maana najua utauliza mabega, yale mapana ya kama mchezaji ngumi, alituwekea sponji ya godoro. Mimi godoro langu lilikuwa na tundu upande wa miguuni kwa miaka mitatu. Shida ya sponji ya godoro ni kwamba haitulii. Siku moja ukumbi wa DDC Kariakoo, bendi ya Sikinde wamekolea, bega la mama mdogo wako lilihama likateremka hadi kifuani, akawa na maziwa matatu. Alicheza wimbo mzima ameukunja mkono kama mtu aliyevunjika.

Sasa gauni. Wakati huo nilikuwa karani wa kupiga chapa kwenye shirika moja la umma, na chumba tulipanga watu watatu: mimi, mdogo wangu, na shangazi yako ambaye wakati huo hakuwa shangazi wa mtu, alikuwa rafiki yangu tu kutoka Tanga. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata shangazi yako akaenda Mombasa kwa ndugu zake, na sisi wawili tukampa kila tulichokuwa nacho akatutafutie kitambaa. Akarudi na yadi tatu za krimplini. Bluu, ile bluu ya wino wa Quink. Yadi tatu ni gauni moja, na watu tulikuwa watatu.

Tulikaa kitandani usiku kucha tukijadiliana. Mama mdogo wako alitaka tukate sketi tatu. Shangazi yako alisema sketi ni ya kwenda sokoni. Mwisho tukakubaliana gauni moja, mikono ya puto, kola pana, marinda kiunoni, na mishono ya akiba ndani ili liweze kupanuliwa kwa shangazi yako mwenye nyonga na kubanwa kwa mkanda kwa mdogo wangu mwembamba kama ufito. Fundi akaweka vishikizo safu mbili. Mimi ndiye niliyekuwa katikati, lilinikaa bila kuongezwa wala kupunguzwa, na hilo halikunifanya nipendwe humo ndani. Sheria zilikuwa kwamba aliyevaa ndiye anayefua, asiyevaa haombi hereni kurudishwa, na mwenye miadi ana haki kuliko asiye nayo. Hii ya tatu ilileta uongo mwingi sana.

Krimplini uijue kabla hujaigusa. Haikunjiki, haichuji, na haipitishi hewa hata kidogo. Ukicheza nyimbo mbili unasikia jasho likishuka mgongoni kama mtu anakuandika kwa kidole. Lakini ukisimama kwa mpiga picha, na lile pazia lake lenye maporomoko ya maji na kasri, linasimama nalo. Ndiyo maana sote tuna picha. Yangu ni ya Krismasi ya 1984. Viatu vya mchuchumio ulivyoviona si vyangu pia.

Nywele sasa, na hapa nipe nafasi.

Siku za kawaida tulisuka. Twende kilioni, ile mistari mikubwa ya kurudi nyuma, unamaliza upesi unaenda kazini. Au tunafunga nywele kwa uzi mweusi, zinasimama kama antena, ukifumua baada ya wiki zimenyooka na ndefu. Kwa sherehe tulichoma: chanuo la chuma kwenye jiko la mkaa, mafuta kichwani, na mwenzako anakuambia shika sikio. Kila msichana wa rika langu ana kovu dogo nyuma ya sikio. Langu uliliuliza ukiwa na miaka sita nikakuambia ni ndui. Samahani.

Halafu ikaja kalikiti. Jina hilo ni la boksi: Marekani kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Comer Cottrell, mwanzoni mwa miaka ya themanini aliuza dawa ya kujiwekea nyumbani iliyoitwa Curly Kit, dola 8, wakati saluni za kwao zilikuwa zikitoza mara nyingi zaidi ya hapo. Jina likavuka bahari, na huku kila nywele iliyolowa na kujikunja ikawa kalikiti, hata dawa ikiwa ya kampuni nyingine. Dawa ya kwanza inalainisha, nywele zinaviringishwa kwenye rola, ya pili inazikaza katika umbo lile. Inanuka kama yai lililooza, lakini unavumilia. Kazi inaanza baadaye, kwa sababu kalikiti ikikauka inageuka fagio. Inataka kulowanishwa asubuhi, mchana na jioni, na ukilala unavaa mfuko wa nailoni kichwani. Dawa yenyewe ya kunyunyizia ilikuwa adimu, basi tulinunua gliserini duka la dawa, tukachanganya na maji kwenye chupa ya kupigia pasi.

Ungeona mabasi ya UDA. Kila kioo kina duara la mafuta usawa wa kichwa, moja kwa kila kiti, hadi nje huoni. Vitambaa vya kufuma vya makochini, ambavyo mabibi walivifuma kwa miezi, viliangamia mwaka mmoja. Bibi yako alipojiwa na mgeni mwenye kalikiti alimpa kigoda.

Na wanaume ndio walizidi! Tafadhali mwulize baba yako. Hiyo Afro yake ya shule, ya chanuo lenye ngumi, aliinyoa bila machozi, akaweka kalikiti aliyoilea kuliko alivyowahi kukulea wewe. Alikuwa anakuja pale chumbani kumletea dada yake maembe kutoka Tanga, hivyo alidai. Maembe hayana msimu wa mwaka mzima, lakini yeye alikuja mwaka mzima. Suruali ya bwanga yenye marinda mbele, shati limechomekwa, chupa ya gliserini mfuko wa nyuma. Ofisini alivaa Kaunda suti kama wenzake, jioni anakuwa mtu mwingine.

Mambo yalibadilika haraka baada ya hapo. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, akaingia 1985, na mitumba ikamwagika. Tuliziita kafa Ulaya, na mwanzoni tuliona haya, tunakwenda kuchagua na khanga tumejitanda usoni. Ilichukua kama miezi miwili haya ikaisha. Kila mmoja wetu akawa na gauni lake, akawa na manne. Tulifurahi, nisikudanganye, mimi nilinunua blauzi ya hariri nikalala nayo. Fundi wetu ndiye hakufurahi. Alikuwa anakaa barazani anapunguza urefu wa suruali za watu asiowajua, na ule ukurasa wa katalogi nilimwona nao umefungia karanga.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo usinunue kitu. Gauni lipo kwa shangazi yako, kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka. Mwombe kwa adabu, uende na sukari, atakusimulia Mombasa, umsikilize hadi mwisho. Zipu imekufa, peleka kwa fundi aweke nyingine, lakini mwambie asiguse mishono ya akiba. Pasi iwe vuguvugu na juu yake utandike kitambaa, maana krimplini ukiichoma haiungui, inayeyuka. Nywele sukia uzi, nitakuja Jumatano nikufunge mwenyewe. Mkanda mpana ninao. Sponji pia ninazo, za kununua safari hii.

Utaona doa kwenye bega la kushoto, la duara, limekuwa rangi ya chai. Hapo ndipo baba yako alipolaza kichwa siku ya Krismasi, DDC, wimbo wa polepole. Zamu ya kufua ilikuwa yangu na nilifua siku tatu. Shangazi yako mpaka leo anaamini ni mafuta ya maandazi, nami niliapa. Basi ukifika kwake, maandazi.

Mama yako