Huyo korongo "wa Madagaska" wako, umeangalia tarehe?

Mkuu futa. Futa hiyo posti sasa hivi, au basi toa hata hilo neno "nina uhakika asilimia mia".

Yaani umemwona ndege kwenye majaruba ya mpunga Lower Moshi, katikati ya Desemba, mgongo mweusi, kifua kina mistari mizito, unasema ndo yule korongo mdogo wa Madagaska. Halafu mwishoni unatupia kwamba watu wa Arusha wanakuja Jumamosi kumwona. Nilipofika hapo kwenye Jumamosi chai imenipalia, maana mimi hiyo Jumamosi nimeshaiishi.

Ilikuwa tarehe 28 Desemba, Bwawa la Mindu hapa Morogoro. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko pale ukingoni na buti za kuazima, nikamwona kasimama peke yake kwenye matope, mgongo kahawia iliyoiva karibu na nyeusi, mistari ya kifuani kama kachorwa na makaa. Nikatetemeka kweli. Nikapiga picha moja (moja!), nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp na maneno yafuatayo, nayakumbuka mpaka leo: "Wakubwa, Ardeola idae, Mindu, hana mjadala" (hilo ndo jina la kisayansi la huyo wa Madagaska). Wakubwa wanne wakakodi Noah kutoka Dar, wakatoka saa tisa usiku, kesho yake saa moja asubuhi wako bwawani wananisalimia kwa heshima ambayo sijaipata tena.

Ndege tukampata, palepale, na mvua ilikuwa imepiga tena alfajiri. Mweusi vilevile. Watu wanapiga picha, mimi nimetoa kifua. Mzee mmoja kati yao hakupiga hata picha, akaniuliza tu, "Kijana, leo tarehe ngapi?" Nikajibu nikidhani anataka kuandika kwenye daftari lake. Akasema, "Basi tusubiri jua," akakaa chini akamenya chungwa.

Jua likatoka. Ndege akajikung'uta, akatanua mabawa, akaanza kukauka, na jinsi anavyokauka ndo anavyofifia. Saa tatu alikuwa rangi ya chai ya maziwa. Saa tatu na nusu alikuwa skwako wa kawaida kabisa, yule korongo mdogo wa huku anayefanana na wa Madagaska, kitoto cha mwaka huo, wale waliojaa kila jaruba wamejikunyata kama wamefiwa. Nimesafirisha watu wazima karibu kilomita 200 kuja kuangalia skwako aliyelowa! Hela ya mafuta niliirudisha, laki na nusu, hakuna aliyeniomba lakini ule ukimya ulikuwa unaomba. Na jina la "Balozi wa Antananarivo" (mji mkuu wa Madagaska) ninalo hadi leo, kwenye msiba wa mjomba wangu mtu kaniita hivyo mbele ya shehe.

Sasa nani aliniponza? Kuna mwongoza watalii mmoja, simtaji, alinipa "siri" kwa majivuno kabisa: mgongo mweusi ni wa Madagaska, mgongo mwepesi ni skwako, basi. Hakusema neno kuhusu maji, hakusema neno kuhusu vitoto vya skwako ambavyo navyo vina mistari michafu kifuani. Na programu ya simu ya kutambua ndege ikaniunga mkono, asilimia 94, asilimia 94 ya nini sijui, labda ya chaji. Hao wawili wangechanga ile laki na nusu ningewasamehe.

Kitu alichokijua yule mzee ni hiki. Hao wa Madagaska wanakuja huku kwetu kukimbia msimu wa baridi wa kwao, Mei hadi Oktoba hivi. Ikifika Oktoba wanarudi kuzaliana, wengine wanatagia katikati ya jiji la Antananarivo kabisa, kwenye miti ya ziwa Tsarasaotra, na wakati huo wanakuwa weupe pee mwili mzima na mdomo wa bluu. Sasa wewe Desemba unaniambia umemwona Moshi akiwa na nguo za kahawia? Anafanya nini huku, kafukuzwa kwake?

Kwa hiyo mimi siku hizi kabla ya mgongo, kabla ya mistari, naangalia kalenda. Ikiwa Julai, haya, tuongee: mdomo mnene kuliko wa skwako, mistari mipana juu ya kifua cheupe, mgongo unaobaki mweusi hata akikauka, na bora awe na skwako pembeni ulinganishe. Kuruka usihangaike nako, wote wawili mabawa meupe. Na ukimpata kweli huo mwezi basi piga picha ishirini, maana ni ndege aliye hatarini kutoweka na rekodi yake ina maana, si ya kubahatisha kama ya Balozi.

Picha yako nimeivuta nikaikuza. Saa inaonyesha 12:20 asubuhi na majani ya mpunga yana matone. Rudi palepale saa nne, na hao wa Arusha wapigie leo, wasijaze mafuta kwanza.