Kabla hujauliza biashara gani inalipa

"Dada, biashara gani inalipa sasa hivi?" Hapa Dodoma sipitishi wiki bila kuulizwa hivyo. Leo anauliza kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kesho baba mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Na mimi namuuliza kwanza: faida hiyo unaihitaji lini?

Jibu lake ndilo linanionyesha kinachomsukuma. Vijana wengi wanasukumwa na kukosa ajira, hilo halina ubishi, lakini pia wamechoka kuomba hela ya vocha nyumbani. Wengine wameona mwenzao kaanza kujenga Nzuguni, nao wanataka waonekane. Sioni ubaya, hamu ya kuheshimiwa imefungua maduka mengi kuliko semina za ujasiriamali. Ila kijana huyo ana kodi ya chumba, na chakula cha leo kinategemea mauzo ya leo.

Mtu mzima anasukumwa na ada za watoto, na hofu ya kustaafu. Mtumishi wa umma anaweza kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima, kwa hiyo tarehe yake anaijua na inamkosesha usingizi. Kuna jambo jingine wazee hawalisemi waziwazi: wanaogopa kukaa bure. Jirani yangu mmoja ana pensheni na vyumba vya kupangisha, lakini kila asubuhi anafungua kiduka chake cha vifaa vya umeme. Wateja wanakuja wawili watatu. Wazee wenzake wanajaa kwenye benchi, redio inaongea, bao linachezwa. Ukimwambia afunge kwa kuwa hakuna faida, hujamwelewa.

Mimi nafanya alizeti, kwa hiyo nitoe mfano ninaoujua. Wakati wa mavuno, katikati ya mwaka, kila mkulima wa huku na Singida anataka kuuza, na bei ya gunia inashuka. Mwenye uwezo wa kusubiri ananunua, anapanga magunia juu ya chaga za mbao yasivute unyevu, anayaacha mpaka mzigo uadimike. Mara nyingi bei hupanda, ingawa mafuta ya kula ya nje yakiingia kwa wingi kwa ushuru mdogo hesabu zote huvurugika.

Kijana asiye na akiba haiwezi hiyo. Atauza gunia mbili alipe kodi, nyingine mama akiugua, na bei ikipanda stoo ni tupu. Namshauri akamate mzunguko: achukue mafuta mashineni kwa ndoo ya lita 20, apime kwenye chupa, asambaze kwa mama lishe na magenge ya Majengo na Sabasaba. Mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, nayo yana wateja, wafugaji wa kuku na ng'ombe. Kazi hiyo ni ya miguu; mstaafu akiijaribu, wiki haiishi magoti yanalalamika.

Mstaafu yeye anaiweza stoo, lakini asimwage mafao yote humo. Hapa huwa mkali. Kijana wa miaka 24 akifilisika ataanza upya. Mafao hayalipwi mara mbili.

Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichoundwa ili kujaza fomu tu huvunjika hela ikishaingia, kwa hiyo anzeni kufanya kazi pamoja kabla ya kuomba.

Mjomba mwenye mtaji na mpwa mwenye nguvu wanaweza kushirikiana vizuri sana. Lakini waandike: mzigo ni wa nani, nani anauza, faida inagawanywaje na lini, kisha waweke sahihi mbele ya mashahidi. Mjomba akikataa kuandika kwa sababu "sisi ni ndugu", mpwa akatafute mafuta ya mali kauli, yaani achukue sasa alipe akishauza, kwa mtu mwingine.