Anza na Maziwe, mdogo wangu

Umeuliza utafiti wako wa chuo kuhusu bahari inavyokula nchi kavu Pangani uuanzie wapi. Mimi ningeanza na Maziwe, kisiwa kidogo baharini mbele ya Pangani. Kisiwa kile kilikuwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilishakwisha, na leo maji yakijaa huoni kitu. Yakipwa ndipo fungu la mchanga linachomoza. Mayai ya kasa sasa huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasifunikwe na maji.

Ukienda kwa wazee, tafadhali usiwaulize "mwaka gani?" Uliza kama mivinje ilikuwepo wakati wa vita vya Kagera. Hapo mzee atakaa sawa, aanze kukumbuka nani alivua wapi, nawe umeshapata 1978 na 1979 yako.

Halafu usikimbilie kusema ni tabianchi peke yake. Wapo wanaotaja ukataji wa miti kisiwani. Na Mto Pangani una bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu tangu miaka ya 1960. Maji matamu yakipungua, chumvi inapanda mtoni hadi mashambani. Pima chumvi ya visima wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, uandike siku hiyo hiyo.