AC ya chumba cha mita 4 kwa 4 Ilazo, Dodoma: BTU 24,000 ni kubwa mno

Kaka, kwa chumba kimoja cha kulala usinunue hiyo AC ya BTU 24,000 aliyokushauri fundi (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza). Hesabu ya haraka kwa maeneo ya joto kama Dodoma ni kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba chako ni mita 16 za mraba, unapata 9,600. Kwa kuwa umesema dirisha linatazama magharibi, chukua 12,000, inakutosha kabisa.

Ila panda kwanza juu uangalie dari. Kama ni bati tupu bila siling bodi, jua la Oktoba saa tisa alasiri litakushinda hata ukifunga mashine kubwa kiasi gani. Piga siling, weka pazia zito, ziba upenyo chini ya mlango. Hela hiyo haipotei, na umeme wako wa LUKU utakaa muda mrefu.

Mashine kubwa kupita kiasi inapooza chumba haraka, inazima, inawaka tena, na huko kuwaka na kuzima ndiko kunakochosha kompresa. Tafuta ya inveta, inajipunguza yenyewe chumba kikishapoa.

Jambo jingine, na kwa Dodoma mimi nalisisitiza: ulizia yenye joto na baridi. Usiku wa Juni na Julai unaujua ulivyo, hasa kama kuna mtoto mchanga ndani. Hiyo inavuta joto la nje kuliingiza ndani, kwa hiyo inakula umeme kidogo sana kuliko hita ya waya.