Bei iligusa kizuizi kwa sekunde chache: je, opsheni yangu imekufa kihalali?

Swali: Nilinunua opsheni ya kununua Bitcoin (haki ya kununua, bila kulazimika, kwa bei iliyokubaliwa), bei ya makubaliano dola 60,000, yenye kizuizi cha juu cha dola 75,000. Niliipenda kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko opsheni ya kawaida. Usiku mmoja bei kwenye soko moja ilifika 75,000 kwa sekunde chache, ikashuka. Siku ya mwisho Bitcoin ilikuwa 72,000, lakini sikulipwa hata senti. Nimedhulumiwa?

Jibu: Huenda hukudhulumiwa, ila jibu kamili limo kwenye mkataba wako, na pengine katika sentensi ambayo wengi hawaisomi.

Tuanze na huo unafuu. Opsheni yako ni ile inayokufa kizuizi kikiguswa. Ina pacha wake: masharti ni yaleyale, ila huyo hana uhai mpaka kizuizi kiguswe. Mwenye zote mbili ana opsheni ya kawaida kabisa, kwa sababu hadi siku ya mwisho lazima mmoja wao atakuwa hai. Kwa hiyo, pasipo fidia yoyote (malipo ambayo baadhi ya mikataba hutoa opsheni ikifa), bei ya yako ni bei ya opsheni ya kawaida ukitoa bei ya pacha. Hukupewa punguzo, uliacha sehemu ya haki yako kwa muuzaji.

Na sehemu uliyoiacha ndiyo nono. Kama kizuizi hakijaguswa na siku ya mwisho bei ni 74,900, unalipwa 14,900. Ikipanda dola 100 tu kabla ya muda kwisha, unapata sifuri. Ndiyo maana karibu na kizuizi, hasa siku za mwisho, thamani ya opsheni hii hushuka bei ya Bitcoin inapopanda. Wanunuzi wengi hushangaa: walitabiri bei itapanda, ikapanda kweli, nao wanapoteza.

Sasa kizuizi chenyewe. Namba 75,000 peke yake haitoshi. Imeguswa kwa bei ipi? Bei ya muamala wa mwisho kwenye soko moja ni kitu kimoja, na fahirisi inayokusanya bei za masoko kadhaa ni kitu kingine. Soko la sarafu za kidijitali halifungwi, na kuna saa ambazo oda ni chache. Oda moja kubwa, au watu waliokopa kupita kiasi wakifungiwa biashara zao kwa lazima, huchora utambi mrefu, yaani mruko wa bei wa ghafla unaorudi papo hapo, kwenye soko hilo wakati masoko mengine hayajatikisika. Fahirisi nzuri huumeza utambi huo, bei ya soko moja haiwezi.

Swali la pili: kizuizi kinapimwa mara ngapi? Kinachopimwa kila sekunde huua opsheni nyingi kuliko kinachotazamwa mara moja kwa siku. Mwaka 1997 watafiti Broadie, Glasserman na Kou walionyesha njia ya kukadiria tofauti hiyo: unakisogeza kizuizi mbali kidogo, kisha unakokotoa kana kwamba kinapimwa muda wote. Kwa myumbo wa bei (kiasi bei inavyopanda na kushuka) wa asilimia 60 kwa mwaka na kipimo cha mara moja kwa siku, siku zote 365, kizuizi chako cha 75,000 kingehesabiwa kama takriban 76,385. Huo ni mwanya mkubwa, na unapaswa kuonekana kwenye bei uliyolipa.

Usichanganye hili na bei ya malipo. Soko la opsheni za sarafu za kidijitali la Deribit, kwa mfano, hulipa opsheni zake za kawaida kwa wastani wa fahirisi wa dakika 30 za mwisho kabla ya saa 08:00 UTC. Wastani wa namna hiyo hulinda malipo ya mwisho tu. Kizuizi kinachopimwa muda wote hakiulizi wastani.

Tazama pia kama aliyekuuzia ndiye mwenye soko ambalo bei yake iliamua. Hapo ningekuwa mkali: anayefaidika opsheni ikifa hafai kuwa pia mshika kipimo.

Kwa hiyo omba kwa maandishi rekodi ya bei iliyotumika, pamoja na muda wake hadi sekunde. Mkataba ukisema fahirisi, na fahirisi haikufika 75,000, opsheni ilikuwa hai na unadai dola 12,000 kwa kila Bitcoin moja. Ukisema bei ya soko lile, kwa kuguswa tu na wakati wowote, basi ilikufa usiku ule, na kilichobaki kuangalia ni kama kuna kifungu cha fidia.