Dada wa Urambo, hivi ndivyo tulivyopita na mama

Dada, pole sana. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Mzee wako ana kidonda cha unyayo kilichokaa miezi, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yamesema melanoma, yaani saratani ya ngozi, mtoki umevimba na picha ya kifua ina madoa. Umeuliza kama bado kuna tumaini, kama mzee aambiwe au afichwe, na mnaanzia wapi wakati hela ya tumbaku bado haijalipwa. Mimi niko Ujiji. Mama yangu aliugua ugonjwa huohuo, mguuni vilevile, tukaujua mwaka 2020 ukiwa umeshapanda. Nakujibu kwa niliyoyaona, pamoja na yale madaktari waliyonieleza nikayashika.

Naanza na la kuficha, maana hapo ndipo sisi tulipokosea.

Siku ya majibu daktari alimwita kaka yangu mkubwa ndani, mama akabaki kwenye benchi nje. Kaka alipotoka akamwambia, "Ni vidudu kwenye damu, utatumia dawa." Nyumba nzima tukalishika neno hilo. Miezi minne tunanong'ona jikoni, akiingia tunaanza habari za bei ya dagaa. Mama alikuwa muuza mawese tangu hatujazaliwa, mtu wa hesabu kali, humpunji hata nusu kopo. Alijua kuna jambo. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia ukweli, akajitafutia wake: amekanyaga kitu alichotegewa. Kidonda kiko chini ya mguu, kina weusi wa mkaa, dawa za zahanati hazikifungi. Kwetu huku watu hawahitaji kuuliza mara mbili. Akaenda kwa mganga bila kutuaga, akachanjwa chale kuzunguka kidonda kile na kupakwa majivu. Aliporudi akaacha kuitikia salamu ya jirani yetu, mama ambaye walichota naye maji kisima kimoja miaka ishirini. Simlaumu mama hata kidogo. Tulimwacha gizani, naye akashika ukuta uliokuwa karibu.

Aliyetutoa hapo ni muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyeweza kupona. Alikuja akakaa chini kwenye mkeka, hakufungua faili, akamuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unafikiri unaumwa nini?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka mimi nikataka kujibu kwa niaba. Mama akasema, "Nafikiri hawa wanangu wananificha." Muuguzi akamuuliza kama anataka kuelezwa yote au kidogo. Akasema yote. Akaelezwa taratibu: ni saratani, imeanzia mguuni, imefika kwenye tezi na mapafu, yapo ya kufanya lakini kuiondoa yote haitawezekana. Mama akafungua kanga yake akaifunga upya kiunoni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Inaambukiza?"

Akaambiwa haiambukizi, kwa kulala pamoja wala kwa kula sahani moja. Ndipo tukajua kwa nini kwa miezi minne hakutaka mjukuu wake alale naye. Tulidhani ni maumivu, kumbe alikuwa anamkinga. Usiku uleule mtoto akarudi kitandani kwa bibi yake. Baada ya siku chache mama akaegemea fimbo, akavuka uchochoro kwenda kwa yule jirani. Walichoongea sikijui, ila jioni jirani alileta migebuka ya kukaanga.

Kwa hiyo dada, usimtupie mzee taarifa kama ndoo ya maji. Muulize kwanza anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Akisema hataki mengine, muache, ndiyo haki yake. Ila msimuamulie ninyi.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa kifupi, ili uwe na la kumjibu shangazi atakayesema ni mkono wa mtu. Melanoma huanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Kwa sisi weusi hupenda kutokea unyayoni, kiganjani au chini ya kucha, mahali jua halifiki, ndiyo maana watu hudhani ni kovu la mwiba au fangasi ya ukucha. Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, ikagundulika 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Huku wengi wakisikia saratani ya ngozi wanawafikiria ndugu zetu wenye ualbino. Ya kwao husababishwa na jua na mara nyingi ni ya aina nyingine. Mtoki wa mzee umevimba kwa sababu tezi za kinena ndizo zinazopokea yanayotoka mguuni. Hakuna aliyetega kitu njiani.

Sasa tumaini. Sitakudanganya, na sitakunyima lililopo. Kabla ya 2011 wagonjwa wengi ambao melanoma yao ilikuwa imefika viungo vya ndani hawakumaliza mwaka. Halafu zikaja dawa zinazoamsha kinga ya mwili iishambulie saratani yenyewe. Waliofungua njia hiyo, James Allison na Tasuku Honjo, walipewa Nobel mwaka 2018. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alitangaza 2015 kuwa melanoma yake imefika kwenye ini na ubongo, naye ana miaka 90. Alitibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa ya aina hiyo, akaishi mpaka Desemba 2024, miaka 100 kamili na zaidi. Katika utafiti mmoja mkubwa wa kuunganisha dawa mbili, nivolumabu na ipilimumabu, asilimia 43 ya waliopewa zote mbili walikuwa hai baada ya miaka 10. Hayo ni ya kweli. Kweli pia ni kwamba melanoma ya unyayo huitikia dawa hizi kwa uchache kuliko ile ya jua, na bei yake sisi ilitushinda. Tulipiga hesabu ya kuuza shamba la michikichi na nyumba, haikufika hata nusu. Mama mwenyewe akakataa: "Mniuzie shamba, halafu wajukuu wale nini?"

Hata hivyo muulize daktari wa saratani waziwazi: je, dawa hizo za kuamsha kinga zinapatikana, kwa bei gani, na je kinyama cha mzee kinaweza kupimwa kuona kama kina hitilafu kwenye jeni ziitwazo BRAF au KIT, ambazo zina vidonge vyake? Akijibu hapana, utajua umeuliza. Kilichonitesa mimi zaidi ni maswali niliyoogopa kuuliza kwa kuona daktari ana foleni ndefu.

Kuhusu pa kuanzia, chukueni rufaa Kitete, hospitali ya mkoa pale Tabora, kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar. Kwenu Mwanza ni karibu zaidi. Ombeni nakala ya majibu ya maabara, na mhakikishe kile kibonge cha nta chenye kinyama kinatunzwa, kwa sababu vipimo vya baadaye hufanyiwa humo. Sisi tulifika na barua ya rufaa peke yake tukarudishwa nyuma wiki tatu. Siku ya kwanza mkifika, kabla hamjaanza kukopa, ingieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mueleze hali yenu. Watu wanaona aibu kuingia mlango ule. Ingieni.

Safari yetu ya kwanza tulipanda basi la alfajiri, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, tukavuka maji Busisi kwa kivuko. Mguu wa mama ulikuwa umejaa maji hadi gotini, ukining'inia unauma, basi kondakta akatupa dumu tupu la lita ishirini, tukalilaza, tukaweka kitenge juu, tukaegemeza mguu mpaka Mwanza. Mchukulieni mzee kitu cha namna hiyo. Mama alifanyiwa mionzi ya kinena, uvimbe ukapungua, akaweza tena kukaa kwenye kigoda chake na kupima mawese. Miezi saba alipima mawese. Mwanzoni tumaini langu lilikuwa apone kabisa. Likaja kuwa hicho kigoda, na nakuambia halikuwa dogo.

Jambo ambalo ningelitangulizia tiba zote kama ningerudi nyuma ni maumivu. Usikubali kuambiwa saratani lazima iume. Ipo morfini ya maji, ya kunywa, na mama aliogopa kwa sababu alisikia ni dawa ya kumalizia watu. Siyo. Ikipewa kwa kipimo alichoandika daktari haiharakishi kifo. Yeye alikunywa kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia kilikuwa maradufu ili asiamshwe usiku. Siku za kwanza alisinzia na kuhisi kichefuchefu, vikapita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, usingoje. Usiku wa kwanza wa morfini mama alilala mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nilikesha nikisikiliza pumzi yake kwa woga. Alipoamka akaulizia ugali wa muhogo.

Na harufu ya kidonda, ambayo hakuna anayetaka kuitaja. Iliwafukuza wageni kuliko ugonjwa wenyewe, na mama aliiona kwenye nyuso zao. Muuguzi alitufundisha kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kusaga vidonge vya metronidazo, hivi wengi tunavyoviita Flajili, na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda kabla ya kufunga. Kwa siku chache harufu ilipungua sana. Muulize muuguzi wenu awaonyeshe.

Ndugu watakuja wengi kusema "tupo pamoja", kisha wataondoka. Usiwakasirikie, wengi hawajui washike wapi. Wape kazi yenye jina. Kaka yangu nilimpa daftari la dawa na saa zake. Binamu mwenye bodaboda akawa wa kufuata morfini. Akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa walipeana zamu za kufua shuka, na walipokuja kwa kisomo niliwaomba mmoja abaki ili nilale kwa muda wa saa mbili. Nilikuwa nimefika mahali nalia nikikoroga uji. Dada, na wewe ni mtu, na huyo mzee anakuhitaji mwaka mzima, siyo wiki hii tu.

Mama alifariki nyumbani 2022, mwaka mmoja na miezi minane tangu benchi lile, mjukuu wake amelala miguuni kwake. Daktari wa kwanza alitutajia miezi mitatu.

Leo jioni wasipokuwepo watu, mpelekee mzee maji ya kunawa, ukae karibu, umuulize yeye anafikiri anaumwa nini. Halafu vumilia ule ukimya. Ukiweza kesho niandikie alichosema, nitakuwepo.